Lord Erroll: Bwana mkubwa wa Naivasha na siri ya risasi mbili za bastola ndogo

KARIBU saa tisa usiku wa kuamkia Januari 24, 1941, wafanyakazi wawili Waafrika waliokuwa wakisafirisha maziwa kwa lori waliona taa za gari zikiwaka karibu na njia panda ya Karen na Ngong, nje ya Nairobi. Gari hilo, aina ya Buick, lilikuwa limeacha barabara na kuingia katika shimo la kuchimbia changarawe. Ndani, chini mahali pa kuwekea miguu, alikuwa Mzungu aliyejikunyata mithili ya mtu aliyepiga magoti kuomba. Hakuwa hai.

Marehemu alikuwa Josslyn Victor Hay, Lord Erroll wa 22, mlowezi aliyejulikana kuanzia Nakuru hadi Nairobi, mwanasiasa, na wakati huo afisa wa ngazi ya juu katika makao makuu ya jeshi la Uingereza, Afrika Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka 39. Polisi waliofika kwanza walidhani ni ajali ya barabarani, na maiti ikaondolewa garini kabla mambo mengi hayajachunguzwa. Baadaye ndipo lilipoonekana tundu dogo karibu na sikio la kushoto, ngozi iliyolizunguka ikiwa imeungua na kuwa nyeusi kwa baruti.

Nchi iliyojaa bunduki kubwa za kuwindia tembo na nyati ilikuwa imempoteza mmoja wa mabwana zake kwa bastola ambayo mtu angeweza kuificha mfukoni. Mengi yamesimuliwa tangu hapo juu ya mapenzi, wivu na pombe. Hata hivyo, kesi iliyofuata haikuamuliwa na mapenzi wala wivu. Iliamuliwa na swali kavu la kiufundi: risasi zile zilikuwa za aina gani, na zilitoka katika mtutu gani?

Josslyn Hay alizaliwa Mei 11, 1901, katika ukoo wa kale wa Uskoti. Wakuu wa ukoo huo walirithishana cheo cha Konstebo Mkuu wa Uskoti, cheo kilichowapa nafasi ya mbele katika sherehe za kutawazwa kwa wafalme. Heshima ilikuwepo, lakini fedha zilikuwa zimekwisha. Ngome ya ukoo, Slains, katika pwani ya Aberdeenshire, iliuzwa mwaka 1916. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia. Kijana alipelekwa Eton, shule ya watoto wa wakubwa, akafukuzwa. Alimfuata baba yake Berlin, akafanya kazi ya ubalozi kwa muda, akajifunza Kijerumani na tabia za wakubwa wa Ulaya. Wote waliomfahamu walikubaliana juu ya mambo mawili: alikuwa na sura ya kuvutia mno na akili nyepesi kushika mambo.

Mnamo Septemba 1923 alimwoa Lady Idina Sackville, mwanamke aliyemzidi umri kwa miaka minane na aliyekuwa ametalikiwa mara mbili. Ndoa hiyo iliwafanya wasitazamwe vyema London. Mwaka uliofuata wakaja Kenya.

Walijenga katika bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua ambayo Waingereza waliiita Aberdare. Nyumba yao waliipa jina la ngome iliyouzwa, Slains. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye mito ya maji baridi na udongo mweusi. Stesheni ya reli ilikuwa Gilgil. Mbele yake ulikuwa mji wa Nakuru, makao ya chama cha wakulima walowezi na mahali walipokutana kwa biashara, siasa na mashindano ya farasi. Ardhi yenyewe haikuwa tupu kabla yao. Wamaasai walikuwa wameondolewa sehemu za Naivasha na Nakuru kwa mkataba wa 1904, na waliolima mashamba ya walowezi kwa ujira mdogo walikuwa zaidi Wakikuyu waliohesabiwa kuwa maskwota.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile kundi lililoitwa la Happy Valley, yaani Bonde la Raha. Walowezi wengi wa Bonde la Ufa walikuwa wakulima waliohangaika na kutu ya ngano, nzige na madeni ya benki, na hawakupenda kufananishwa na watu wa Wanjohi. Kundi lenyewe lilikuwa dogo, lakini kelele zake zilifika mbali: karamu za usiku kucha, kubadilishana wapenzi, pombe na dawa za kulevya. Erroll hakuwa mlevi, jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Udhaifu wake ulikuwa wanawake, hasa wake za watu.

Miongoni mwa majirani wa Slains alikuwa Alice de Janzé, Mmarekani tajiri aliyeolewa na kabaila Mfaransa. Mama huyu alifika Kenya mwaka 1925 na hakukawia kuwa mpenzi wa Josslyn Hay. Kisa chake chafaa kutajwa hapa, kwa kuwa kinaonyesha jinsi bastola ndogo zilivyokuwa sehemu ya maisha ya watu hawa, kama saa ya mkononi au kasha la sigara. Machi 25, 1927, katika stesheni ya Gare du Nord jijini Paris, Alice alimpiga risasi mpenzi wake mwingine, Raymund de Trafford, aliyekuwa akimwaga, kisha akajipiga mwenyewe. Silaha aliinunua siku iyo hiyo dukani. Wote wawili walipona. Mahakama ya Ufaransa ilimpa adhabu nyepesi, naye akaolewa na mwanamume yule yule mwaka 1932, ingawa ndoa haikudumu.

Kupona kwao kuliwafunza watu wa Bonde la Ufa jambo ambalo kila mwenye silaha ndogo hujifunza mapema au kwa kuchelewa. Bastola ya mfukoni ina mtutu mfupi na risasi nyepesi. Haina nguvu za ziada za kufidia makosa ya mpigaji wala ubovu wa risasi. Kwa hiyo, aliyeibeba kwa ajili ya kujilinda alilazimika kujali zaidi kile alichokitia ndani yake kuliko mng'aro wa kipini chake.

Erroll alirithi cheo cha baba yake mwaka 1928. Miaka miwili baadaye yeye na Idina walitalikiana. Walikuwa wamepata binti mmoja, Diana, aliyezaliwa Januari 1926. Mwaka huo huo wa talaka Erroll alimwoa Mary Ramsay-Hill, mke wa mlowezi mwingine, na kuhamia Oserian, kando ya Ziwa Naivasha. Nyumba hiyo ilikuwa imejengwa na mume wa kwanza wa Mary kwa mtindo wa Wamoro, yenye kuta nyeupe na kuba, na walowezi waliiita Djinn Palace, Kasri la Majini. Mume huyo, yasimuliwa, alimwandama Erroll kwa kiboko hadi stesheni ya reli ya Nairobi na kumcharaza mbele za watu. Mahari ya aina hiyo haikumzuia kuishi katika nyumba ya mwenzake kwa karibu miaka kumi.

Mary alikuwa na mali, na mali ikampa Erroll nafasi ya kufanya siasa. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza cha Oswald Mosley, akarudi kuwahubiria walowezi. Wengine walimsikiliza, wengi walimcheka, naye akaachana na jambo hilo kabla ya vita. Mwaka 1935 aliongoza mkutano mkuu wa vyama vya walowezi, chombo ambacho Lord Delamere wa Soysambu, Elmenteita, aliyefariki 1931, alikuwa amekitumia kuitikisa serikali ya kikoloni. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwawakilisha walowezi wa Kiambu. Waliotarajia mzaha kutoka kwake walishangazwa na jinsi alivyozikariri hesabu na sheria.

Mary aliangamizwa na pombe na dawa za kulevya, akafa Oktoba 1939. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia. Mwaka uliofuata Erroll alikuwa Katibu wa Kijeshi wa Afrika Mashariki mwenye cheo cha kapteni, akishughulikia ugawaji wa watu kwa ajili ya kampeni dhidi ya Waitaliano waliokuwa Ethiopia na Somalia. Alihamia Nairobi, karibu na klabu ya Muthaiga.

Novemba 1940 aliwasili Kenya Sir Jock Delves Broughton, kabaila Mwingereza wa miaka 57 aliyekuwa ametapanya sehemu kubwa ya urithi wake. Alikuja na mke mpya, Diana Caldwell, mrembo wa miaka 27 waliyefunga ndoa naye Durban siku chache tu zilizotangulia. Walikuwa na mapatano ya ajabu: iwapo Diana angempenda kijana mwingine, mume asingemzuia, na angemlipa pauni 5,000 kila mwaka kwa miaka saba. Wiki chache hazikupita kabla ya Diana na Erroll kukutana Muthaiga. Kufikia Januari hawakuwa wakimficha mtu yeyote.

Januari 21, 1941, Broughton aliripoti kwa polisi kwamba nyumba yake ya Karen ilikuwa imeibwa. Vilivyopotea ni rivolva mbili za Colt, kasha la sigara na fedha kidogo. Usiku wa Januari 23 yeye, Diana, Erroll na rafiki yao June Carberry walikula pamoja Muthaiga. Broughton alinyanyua bilauri akawatakia heri mkewe na mpenzi wake, akaomba tu kwamba Diana arudishwe nyumbani ifikapo saa tisa. Erroll alimchukua Diana wakaenda kucheza dansi, akamrudisha Karen muda mfupi baada ya saa nane, akaondoka peke yake. Maiti yake ilipatikana kiasi cha maili mbili na nusu kutoka nyumba hiyo.

Risasi mbili zilikuwa zimefyatuliwa. Moja ilimkosa. Ya pili iliingia kichwani na kubaki mwilini. Zote zilikuwa za kipimo cha 32, yaani kipenyo cha karibu milimita nane, ukubwa uliotumiwa sana katika bastola za mfukoni za zama hizo.

Hapa inafaa kuieleza risasi yenyewe, kwani pasipo kuifahamu haieleweki kwa nini mtu aliyeonekana na kila sababu ya kuua alitoka mahakamani akiwa huru. Risasi kama inavyouzwa dukani ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa cha risasi ambacho ndicho kirukacho. Nyundo ya bastola hugonga fataki, fataki huwasha baruti, nayo gesi ya baruti hukisukuma kichwa kupitia mtutu. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyochongwa kwa kuzunguka kama parafujo ili kichwa kiende kikizunguka na kisiyumbe. Mifuo hiyo huacha alama juu ya risasi laini. Kila kiwanda kina idadi yake ya mifuo na upande wake wa kuzungusha, na kila mtutu una mikwaruzo yake midogo.

Baruti nayo ina hadithi yake. Hadi miaka ya 1880 dunia nzima ilitumia baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Hutoa moshi mwingi, huacha masizi mazito, hula chuma cha mtutu usiposafishwa, na huharibika ikipata unyevu. Baada ya Wafaransa kuvumbua baruti isiyo na moshi, viwanda vilihama kidogo kidogo. Kufikia 1941, mtu aliyetaka kuitegemea bastola yake alinunua risasi mpya za baruti isiyo na moshi, akazihifadhi mahali pakavu, akabadilisha zilizokaa muda mrefu. Katika nyumba za Wanjohi na Kinangop, ambako ukungu huingia hadi kabatini, makasha ya risasi yaliyosahauliwa droo kwa miaka yalikuwa jambo la kawaida, na risasi iliyolala namna hiyo yaweza kulia au isilie.

Rivolva ilikuwa na nafuu moja katika hali hiyo. Risasi moja ikigoma, mpigaji huvuta tena, gurudumu huzunguka na kuleta nyingine. Ilhali bastola ya kujipakia yenyewe hukwama mpaka mtu aisafishe kwa mikono miwili. Ndiyo sababu wengi waliobeba silaha ndogo za kufichwa miaka hiyo waliziamini rivolva, hata zile kuukuu.

Mkemia wa serikali alipozichunguza risasi zilizomuua Erroll aligundua kwamba zilifyatuliwa kwa baruti nyeusi. Hilo liliwashangaza polisi na kuwafurahisha. Kitu adimu ni rahisi kufuatilia. Kisha wakapata habari kwamba Broughton alikuwa amefanya mazoezi ya shabaha katika shamba la rafiki yake Jack Soames, karibu na Nanyuki. Walikwenda, wakachakura udongo mahali pa shabaha, wakaokota vichwa vya risasi vya kipimo cha 32 pamoja na risasi za baruti nyeusi. Chini ya hadubini, wataalamu wa serikali waliona kwamba baadhi ya zile za Nanyuki na zile za garini zilitoka katika mtutu mmoja.

Machi 10, 1941, Broughton alikamatwa.

Kesi ilianza Nairobi Mei 26 mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan na jopo la raia 12, wote wanaume Wazungu, kwani hiyo ndiyo haki aliyopewa mshtakiwa Mzungu katika koloni. Mwanasheria Mkuu Walter Harragin aliongoza mashtaka. Kutoka Johannesburg aliletwa wakili Harry Morris, mtu mwenye sifa ya kuwavuruga mashahidi na, zaidi ya hapo, aliyekuwa amejifunza mambo ya silaha kwa undani.

Ulimwengu ulikuwa umo vitani, Ulaya ikiungua, lakini chumba cha mahakama kilijaa kila siku. Magazeti ya London yalitafuta nafasi ya habari za Karen kati ya habari za mabomu. Mashahidi walieleza usiku wa Muthaiga. June Carberry, aliyelala nyumbani kwa Broughton usiku huo, alisema mwenyeji wake alibisha mlango wake mara mbili kumjulia hali. Ilielezwa jinsi Broughton alivyowasha moto mkubwa uani siku iliyofuata, na jinsi mabaki ya soksi yenye dalili za damu yalivyopatikana jivuni. Upande wa utetezi ulijibu kwamba mzee yule alichechemea, haoni vizuri usiku, na asingeweza kutembea gizani kutoka kwenye gari hadi nyumbani kwa muda uliokuwepo, katika nchi iliyokuwa bado na wanyama wakali.

Hayo yote yangeweza kuelemea upande wowote. Pigo la Morris lilikuwa kwingine. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba Broughton alijifanya ameibiwa bastola zake ili apate kuua kwa mojawapo. Bastola hizo, kwa mujibu wa vyeti vyake vya umiliki, zilikuwa Colt. Colt huchonga mitutu yake mifuo sita inayozunguka kushoto. Morris alimwuliza mtaalamu wa serikali juu ya alama zilizokuwa kwenye risasi zilizomuua Erroll. Zilikuwa alama za mifuo mitano inayozunguka kulia, namna inayopatikana, kwa mfano, katika silaha za Smith & Wesson. Kwa hiyo risasi hizo hazikutoka katika Colt, na mtaalamu hakuwa na budi kukubali.

Kwa swali hilo moja jengo la mashtaka lilibomoka msingi. Ikiwa risasi za Nanyuki na za Karen zilitoka mtutu mmoja, basi mtutu huo haukuwa wa bastola zilizoandikishwa kwa jina la Broughton. Labda alikuwa na ya tatu, isiyojulikana. Serikali haikuweza kuthibitisha hilo. Silaha yenyewe haikupatikana; polisi walikuwa na risasi lakini hawana bastola. Pia Broughton hakuwa mtu pekee aliyepata kufyatua silaha katika shamba lile la Nanyuki. Morris alijiamini kiasi cha kurudi Afrika Kusini kabla ya hukumu. Julai 1, 1941, jopo lilimkuta mshtakiwa hana hatia.

Haikuwa hukumu mbaya. Kwa ushahidi uliokuwepo, shaka ilikuwa ya kweli, na mtu hafai kunyongwa kwa sababu ya shaka. Kosa lilikuwa la upelelezi: gari na maiti vilivyohamishwa mapema, na serikali iliyojenga kesi nzima juu ya Colt bila kuhesabu mifuo kwanza.

Lakini kipimo hicho cha haki hakikuwa cha watu wote. Miaka kumi na mitano baadaye, katika msitu wa milima ile ile iliyokuwa juu ya Slains, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa, Oktoba 21, 1956. Kimathi alikuwa ameishi na kufanya siasa upande huo wa Bonde la Ufa, Ol Kalou na Thomson's Falls, kabla ya kuingia msituni. Hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kumiliki rivolva moja na risasi zake pasipo kibali, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilikuwa na adhabu ya kifo. Kesi yake ilisikizwa Nyeri mbele ya jaji mkuu na washauri watatu Waafrika, pasipo jopo la watu 12, ikamalizika kwa siku chache. Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo ya Mau Mau, sehemu kubwa yao kwa makosa yasiyokuwa ya kuua, yakiwemo kupatikana na silaha au hata risasi tupu. Kwa Mzungu wa 1941, risasi isiyolingana na bastola ilimwokoa. Kwa Mwafrika wa 1956, risasi kuwa mfukoni ilitosha.

Broughton hakufurahia uhuru wake. Alikwenda Ceylon pamoja na Diana, wakakosana, naye akarudi Uingereza. Desemba 1942 alikufa katika hoteli moja mjini Liverpool kwa dawa ya mofini aliyojidunga kupita kiasi. Alice de Janzé hakuufikia mwisho wa mwaka ule wa kesi. Alikufa kwa bastola yake mwenyewe nyumbani kwake Wanjohi, Septemba 30, 1941, na wako waliosema kwamba yeye ndiye aliyemuua Erroll. Wengine wameamini kwamba mashirika ya siri ya Uingereza yalimwondoa kwa sababu ya ufashisti wake wa zamani. Juanita Carberry, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati wa mauaji, alieleza katika kitabu chake cha 1999 kwamba Broughton alimwungamia kuwa ndiye aliyeua. Kitabu cha James Fox cha 1982, White Mischief, pamoja na filamu iliyotokana nacho mwaka 1987, vilimwelekea Broughton pia. Kati ya nadharia hizi, ile ya mume aliyedhalilishwa na mwenye bastola ya tatu ndiyo inayohitaji miujiza michache zaidi, na ndiyo pekee inayozieleza risasi za Nanyuki.

Erroll alizikwa Kiambu, kando ya kaburi la Mary. Binti yake alirithi cheo cha ukoo, na pamoja nacho cheo cha Konstebo Mkuu wa Uskoti. Baada ya uhuru, mashamba ya Wanjohi yalikatwa vipande na kugawiwa wakulima wadogo, ambao wamekuwa wakilima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa mahali palipokuwa na bustani za Slains. Oserian, kando ya ziwa, ikaja kujulikana duniani kwa kilimo cha maua.

Diana hakuihama Kenya. Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri wa Naivasha, ambaye aliinunua Kasri la Majini kwa ajili yake, na Diana akawa bibi wa nyumba aliyoishi mpenzi wake aliyeuawa. Mwaka 1955 aliolewa na Lord Delamere wa nne, wa Soysambu, na kwa miaka mingi watu wa Nakuru walimwona katika viwanja vya farasi, akiwa amevaa lulu. Alikufa mwaka 1987, akazikwa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, kati ya Colvile na Delamere. Juu ya usiku wa Karen hakuacha neno lolote lililoandikwa, na bastola ya mifuo mitano haijaonekana.